Kontroli yako nayo ina msongo

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma mwaka wa mwisho hapa Mbeya. Mradi wangu ni kuangalia kama majani ambayo bibi zetu huku huchemsha kumtuliza mtu mwenye wasiwasi yanafanya kazi kwa panya. Nina panya weupe 24 wa gramu 25 hadi 30, walikuja kwa basi kutoka Morogoro mwishoni mwa Juni. Kundi la kwanza sikuligusa kabisa, ndiyo kontroli, yaani kundi la kulinganishia. La pili nililibana kwenye mirija kwa saa mbili kila siku, siku 14. La tatu nililibana vilevile, na kila asubuhi nikalinywesha dawa kwa sindano butu. Nilipowapima kwenye uwanja wa wazi na kwenye msalaba, vile vipimo viwili vya woga, makundi yote yakatoka sawa: wanajibanza pembeni, wanakunya, hawatoki. Tulipokezana kupima mimi na kaka mmoja wa darasani. Msimamizi anasema niandike kwamba msongo hauathiri udadisi wa panya na dawa haina kitu. Niandike hivyo, au nimekosea mahali?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo kwanza. Ulichopata ni matokeo halali, ila yanajibu swali ambalo hukuliuliza. Yanasema kwamba panya 24 wamekaa kwenye chumba chenye msongo na wote wameuonyesha. Hao wanane unaowaita kontroli sidhani kama walipata nafuu yoyote. Kuna neno moja katika barua yako linalonifanya nihisi kwamba siku ya kipimo wao ndio walioogopa kuliko wenzao. Nitalifikia.

Tuanze na hako katabia ka kujibanza. Aliyekulia Uyole au Tukuyu kwenye nyumba yenye mahindi darini anajua kwamba mtego wa panya hauwekwi katikati ya chumba. Huwekwa kando ya ukuta, maana panya hutembea huku sharubu zake zikipapasa kitu. Katikati ndiko kwenye paka na bundi. Lakini panya asiyebanduka ukutani naye atakufa njaa. Kwa hiyo kila anapoingia mahali pageni huvutwa huku na huku: woga unamwambia atulie hapohapo, udadisi unamwambia akachungulie kuna nini kule. Vipimo vyako vyote viwili vimejengwa juu ya mvutano huo, na msongo, kwa kawaida, huongeza uzito upande wa woga. Panya wa darini ni mwoga kuliko wa kwako. Mtego mpya anaweza kuupita siku kadhaa bila kuugusa, ndiyo maana wazee husema uuache kwanza uzoeleke. Panya weupe wamezalishwa bandani vizazi na vizazi, woga huo umepungua. Haujaisha.

Uwanja wa wazi aliuanzisha Calvin Hall huko Marekani mwaka 1934. Alimweka panya peke yake mahali pa wazi penye mwanga, akahesabu kinyesi na mkojo kama alama ya hofu. Vile vinyesi ulivyovilalamikia, basi, ni data. Natumaini ulivihesabu kabla ya kuvifagia. Msalaba ni wa baadaye. Una mikono minne, miwili ina kuta na miwili haina, nao umeinuliwa kutoka sakafuni. Ule wa panya wa jamii kubwa (rat) uliofanyiwa uhakiki mwaka 1985 ulikuwa na mikono ya sentimita 50 kwa 10, juu sentimita 50. Wa panya wadogo kama wako huwa mfupi na mwembamba zaidi. Panya huachiwa katikati kwa dakika tano. Ukimpa diazepamu kidogo, dawa ya hospitali ya kutuliza wasiwasi, hutoka zaidi kwenye mikono ya wazi, na hapo ndipo watafiti walipoona kwamba msalaba unapima kitu kinachofanana na wasiwasi wa binadamu.

Sasa nikupe kisa, kwa sababu kilichokupata wewe kilimpata pia mtu aliyetuletea neno hili la msongo. Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, miaka ya 1930, alikuwa akidunga panya dondoo za ovari akidhani amegundua homoni mpya. Alipowapasua alikuta tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyo kifuani, imesinyaa, tumbo lina vidonda. Akafurahi. Kisha akadunga wengine dondoo za viungo vingine kabisa, akakuta yaleyale. Akadunga hata fomalini, ile kemikali ya kuhifadhia maiti, yaleyale! Homoni yake mpya ikayeyuka. Angeweza kukata tamaa, lakini alijiuliza kama kilichosababisha yote hayo si kule kusumbuliwa kwenyewe. Makala yake fupi ikatoka mwaka 1936. Kwa hiyo makundi kutoka sawa si mkosi. Ni panya wanakuonyesha kitu walichoshiriki wote.

Mwilini mambo huenda hivi. Panya akishtuka, haipothalamasi iliyo chini ya ubongo huituma tezi ya pituitari, pituitari huzituma adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga kotikosteroni kwenye damu. Sisi binadamu yetu ni kotisoli, kazi ni ileile. Huchukua dakika 15 hadi 30 kufika kileleni, kisha panya akiachwa atulie hushuka ndani ya saa moja au mbili. Ndiyo maana panya uliyembeba kutoka chumba kingine na kumtupa msalabani hapohapo anakupimia safari ya korido. Mlete chumba cha kipimo mapema, umwache si chini ya nusu saa.

Hilo ni la mshtuko mmoja. Msongo wa siku nyingi huacha alama kwenye ubongo wenyewe. Wapo watafiti wa Bangalore, India, ambao mwaka 2002 walionyesha kwamba panya wakubwa waliofungwa wasitikisike kwa saa mbili kila siku, siku 10, matawi ya seli za neva kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, yalipungua, wakati kwenye amigdala, ambako hofu huchakatwa, yaliongezeka. Walipowapumzisha siku 21, hipokampasi ilirudi hali yake lakini amigdala haikurudi, na wasiwasi nao ukabaki. Baadaye, mwaka 2005, kundi hilohilo likaonyesha jambo ambalo mimi hulirudia kila ninapofundisha. Panya aliyefungwa mara moja tu, saa mbili tu, kesho yake alionekana wa kawaida. Siku ya 10 wasiwasi ukajitokeza msalabani, na seli za amigdala zikawa zimeota vichipukizi vipya.

Sasa piga hesabu ya lile basi. Usiku au mchana kutwa ndani ya kasha, milio, moshi, matuta ya barabarani, kushuka na kupanda kule Kitonga. Sisemi kwamba basi ni sawa na kufungwa saa mbili, hakuna aliyelipima kwa panya wako. Nasema kontroli haikuanza upya ilipofika Mbeya. Wewe uliwapumzisha siku ngapi kabla ya kuanza? Hukuniandikia. Mimi nisingeanza kabla ya wiki mbili.

Upande wa pili nao una shida. Ulilibana kundi la pili kwa namna moja, saa ileile, siku 14. Panya huzoea. Kotikosteroni ya siku ya kwanza kwenye mrija huwa juu sana, ya wiki ya pili huwa imeshuka, kwa sababu ameshajua kwamba mrija unaingiwa na unatokwa. Haimaanishi hana athari yoyote, ila makali yamepungua. Wanaotaka msongo wa kweli wa muda mrefu huchanganya mambo: leo maranda yenye unyevu, kesho banda limeinamishwa, keshokutwa taa inawaka usiku kucha, bila mpangilio unaotabirika. Kwa hiyo kundi lako lenye msongo lilipoa kidogo, na kontroli yako ilipanda. Wamekutana njiani.

Na sasa lile neno. Umeandika kwamba kontroli "sikuligusa kabisa". Najua ulimaanisha wema. Lakini hebu mfikirie huyo panya. Wenzake wameshikwa mkononi mara 14, wameshaijua harufu yako, wamejifunza kwamba huo mkono ukija, baadaye unarudisha bandani. Yeye hajawahi kuinuliwa. Siku ya 15 kifuniko kinafunguka, kitu kikubwa kinamshuka kutoka juu kama mwewe, anakamatwa mkia, ananing'inia kichwa chini, anatua kwenye ubao mwembamba hewani. Halafu tunaanza kuhesabu sekunde tukisema huyu ndiye panya mtulivu.

Nimesema mkia kwa kubahatisha, ila karibu wanafunzi wote hushika mkia kwa sababu ndivyo tulivyowafundisha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walilinganisha panya wadogo walioinuliwa kwa mkia na wale walioachwa waingie wenyewe kwenye bomba, au walioinuliwa ndani ya viganja vilivyokunjwa kama bakuli. Wa mkia walikuwa na wasiwasi zaidi msalabani na walimkwepa mtu. Wa bomba walimsogelea wenyewe. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, omba kipande cha bomba la PVC ambacho panya anapita bila kubanwa, ukate sentimita 12 hivi, uzilainishe kingo kwa msasa, uliache ndani ya banda. Siku mbili za kwanza watalikimbia. Siku ya tatu utawakuta wamelala humo. Ukilinyanyua polepole, huku viganja vimeziba ncha zote mbili, panya hata hajui amehamishwa. Kila panya wa kila kundi ashikwe hivyo kwa siku saba angalau, kontroli ikiwemo.

Ile sindano butu ndiyo kosa ambalo msimamizi wako angepaswa kuliona. Kundi la tatu limeshikwa ngozi ya shingo na kupitishiwa chuma kooni mara 14. La pili halikupitishiwa. Panya hajui ndani kuna dawa au maji, anajua chuma. Hata kama majani ya bibi yanatuliza, utulivu huo umelipia gharama ya sindano. La kwanza na la pili wote wanapaswa kunyweshwa maji, au chochote ulichochanganyia dawa, kwa sindano ileile na saa ileile. Na ungehitaji kundi la nne la diazepamu. Bila hilo, ukikosa tofauti hujui kama dawa imeshindwa au chumba chako hakiwezi kuonyesha tofauti yoyote.

Halafu baridi. Hili vitabu vilivyoandikwa nchi zenye hita kila ukuta hawalizungumzii sana, nasi wa nyanda za juu tumelizoea mpaka hatulioni. Panya mdogo hahitaji kuchoma chakula cha ziada kujipasha pale chumba kinapokuwa karibu na nyuzi 30. Kwenye nyuzi 22, ambazo wewe na mimi tunaziona raha, yeye tayari anapigana na baridi. Mbeya mjini ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kama wanakaa kwenye kile ninachokisia, yaani stoo yenye bati na dirisha la nondo, basi panya wako wameutumia mwezi mzima kutetemeka. Panya mwenye baridi hujikunja, hukaa pembeni, hutembea kidogo. Kwenye karatasi yako hiyo imeandikwa "wasiwasi". Wape gramu 8 hadi 10 za karatasi laini kila banda wajijengee kiota, usiwatenge mmojammoja, na tafuta hita yenye kidhibiti.

Nina deni la kukuambia la kwangu. Zamani, nikiwa mtafiti mchanga Iringa, nilikuwa na panya waliokuwa wakitembea vizuri siku nyingine na siku nyingine wakiganda kama mawe. Nililaumu chakula, nikalaumu mwezi, nikamlaumu fundi wa maabara ambaye hakuwa na hatia. Ilichukua wiki sita kugundua kwamba siku za kuganda zilikuwa siku za baridi, nami siku za baridi nilivaa sweta langu la rangi ya udongo. Nyumbani nilikuwa na paka. Alikuwa akilala juu ya hilo sweta. Harufu ya paka kwenye kitambaa ni mojawapo ya njia ambazo watafiti hutumia makusudi kumtia panya hofu, na mimi nilikuwa nikiivaa bure bila kujua. Data ya miezi miwili niliitupa yote.

Kuhusu harufu, yule kaka wa darasani naye anahusika, bila kosa lake. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal walichapisha kwamba panya hupata msongo wanapokuwa karibu na mwanamume, au hata na fulana aliyovaa mwanamume, tofauti na mwanamke. Kama yeye alipima Jumanne na wewe Alhamisi, mmeongeza kitu kingine ndani ya chungu. Apime mmoja, au kila siku kila mpimaji apate panya kutoka makundi yote. Na hukuniambia kama ni madume au majike. Andika.

Maranda ya kulalia panya je? Huku hatuna shida ya maranda, mashine za mbao za Mafinga zinayamwaga bure, na karibu yote ni ya paini. Mabichi yana utomvu wenye harufu. Tangu 1967 inajulikana kwamba maranda ya paini na mierezi huchochea vimeng'enya vya ini la panya vinavyovunjavunja dawa. Wewe unapima dawa! Ini likiwa kazini namna hiyo, dozi yako inaweza kuisha kabla haijafika ubongoni. Yakaushe kwenye oveni vizuri, au tumia magunzi safi ya mahindi yaliyosagwasagwa, na makundi yote yawe na kitu kimoja. Malori ya barabara kuu, jenereta, mlango wa chuma unaogongwa: unavijua mwenyewe. Ujue tu kwamba panya husikia sauti za juu mno ambazo masikio yetu hayazifikii, kwa hiyo ukimya wako si lazima uwe ukimya wake.

Turudi kwenye hesabu zako, maana hapo unaweza kupata kitu leo hii bila kugusa panya hata mmoja. Usiangalie mikono ya wazi peke yake. Chukua pia idadi ya mara alizoingia mikono yenye kuta, na mistari aliyoivuka uwanjani. Panya mwenye wasiwasi lakini mzima huzungukazunguka penye kuta na kukwepa pa wazi. Panya mwenye baridi, mgonjwa, au aliyeleweshwa na dawa hatembei popote. Kwa nambari ya mikono ya wazi peke yake hao wawili ni mapacha. Nikikisia, utakuta kontroli yako iliganda pande zote, na kundi la pili lilitembea kidogo penye kuta. Ukiikuta hiyo, una sura nzuri ya majadiliano.

Msimamizi wako usimbishie kwa kumwambia amekosea, mwombe muda. Mwambie kwamba mwaka 1999 maabara tatu za Marekani Kaskazini zilijipanga kutumia panya wa koo zilezile, vifaa vilevile, saa ileile ya siku, wakapima tabia zilezile, msalaba ukiwemo, na bado matokeo ya baadhi ya vipimo yakatofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine. Kama wao walishindwa kufananisha vyumba vitatu, chumba chetu cha Mbeya kinastahili kuchunguzwa kabla ya kuyahukumu majani. Atakuelewa, nadhani, wengi wetu tumetupa data.

Hao 24 usiwarudishe msalabani. Aliyekwisha kupita pale mara moja hapimiki tena vizuri. Hata diazepamu, ambayo mara ya kwanza ingemtoa nje, mara ya pili mara nyingi haimtoi. Omba panya wengine kwa ajili ya jaribio, na hawa uwatumie kukijaribia chumba. Weka bomba, karatasi na hita, kisha wapime uzito kila asubuhi saa ileile kwa wiki mbili, uchore mstari wa kila banda kwenye karatasi moja. Panya mwenye msongo hupungua au hadumishi uzito. Ukiona mistari yote imeshuka pamoja kila Jumatatu, kamuulize mlinzi nani anazima hita Jumamosi.